Nani Anaamua Kwamba Risasi Imempata? Yanayozitofautisha Gemu za Risasi za Mtandaoni

Ubishi kati ya mashabiki wa Call of Duty na wa Battlefield ni wa miaka mingi, na tangu Valorant ilipotoka Juni 2020 umezuka mwingine mkali kati yake na Counter-Strike. Ukiusikiliza utasikia habari za bunduki, ramani, michoro na bei ya rangi za silaha. Ni mambo ya kweli, lakini hayaelezi kwa nini mchezaji yuleyule, kwa vidole vilevile na intaneti ileile, anajiona fundi kwenye gemu moja na bwege kwenye nyingine. Wala hayaelezi kwa nini risasi unazoapa kwamba zimempata mpinzani hazihesabiwi, au kwa nini unauawa wakati umeshajificha.

Maelezo yako kwenye mitambo usiyoiona. Gemu yoyote ya risasi ya mtandaoni italazimika kumwonea mtu, kwa sababu hakuna njia ya kuwafanya watu kumi walio mbalimbali waone jambo moja kwa wakati mmoja. Watengenezaji wanachoweza kuchagua ni nani aonewe, kwa kiasi gani na katika mazingira gani. Hapo ndipo gemu pinzani zinapoachana njia, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Saa inayorudishwa nyuma

Mwanga ndani ya nyaya za fibre husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 1,000 kutoka kwako, amri yako ya kufyatua na jibu lake vinahitaji angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata vifaa vya njiani viwe vya kisasa namna gani. Ikiwa kilomita 5,000, ni milisekunde 50. Na nyaya haziendi moja kwa moja, kila kituo cha kupitisha data nacho huongeza cha kwake, ndiyo maana pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi unaoandikwa kwenye kona ya skrini kwa milisekunde, huwa kubwa kuliko hesabu hiyo.

Quake ilipotoka katikati ya 1996, kila hatua ya mchezaji wa mtandaoni ilisubiri ruhusa ya seva. Unabonyeza kitufe cha kwenda mbele, unangoja, ndipo unasogea. Kwa simu za waya za wakati ule lilikuwa jambo la kukatisha tamaa. Desemba mwaka huohuo watengenezaji wake, id Software, wakatoa QuakeWorld, ambapo kompyuta yako inakusogeza papo hapo kwa kukisia jibu la seva, kisha inajirekebisha ikiwa ilikosea. Mwendo ukawa mwepesi, lakini kulenga kukabaki kugumu: mpinzani unayemwona ni wa muda uliopita, hivyo ilibidi umlenge mbele kidogo ya pale anapoonekana. Aliyeonewa ni mpiga risasi.

Valve wakaligeuza jambo hilo kwenye Half-Life, gemu ambayo Counter-Strike ilijengwa juu yake. Seva inatunza kumbukumbu fupi ya mahali alipokuwa kila mchezaji. Risasi yako ikifika, seva inapiga hesabu ya picha uliyokuwa ukiiona ulipofyatua, inawarudisha wachezaji wote mahali walipokuwa wakati ule, inaangalia kama ulimpata, kisha inaendelea na mchezo. Yahn Bernier wa Valve aliueleza mfumo huo hadharani mwaka 2001, na karibu kila gemu kubwa ya risasi leo inatumia namna fulani ya mfumo huo.

Gharama yake ni hii. Uko katikati ya uchochoro na mpinzani amekulenga. Unakimbia, unapita kona, ukuta unakukinga. Kwenye skrini yako umeshapona. Kwenye skrini yake bega lako bado linaonekana, kwa kuwa picha aliyonayo ina umri wa milisekunde 80 hivi. Anafyatua. Seva inarudisha saa nyuma, inalikuta bega lako palepale alipolenga, inahesabu risasi. Unaanguka ukiwa umeshajificha. Hakuna aliyedanganya, na kila mmoja wenu ameona kweli kile alichokiona. Ila sasa anayeonewa ni anayekimbia.

Overwatch ya Blizzard, iliyotoka Mei 2016, ilikiri wazi kwamba inampendelea mpiga risasi, lakini ikaweka mpaka: ukitumia uwezo maalumu wa kukwepa, kama mhusika Tracer anavyoruka ghafla kutoka mahali hadi mahali, kukwepa kwako ndiko kunakohesabiwa. Naona ni uamuzi wa busara sana. Anayetoroka kwa kitufe alichokihifadhi kwa ajili ya dakika hiyo akiuawa, anahisi ameibiwa kuliko anayeuawa akikimbia tu.

Anayechungulia na anayesubiri

Kuna uonevu wa pili ambao wengi hawaujui, na ndio unaotenganisha gemu hizi kuliko kitu kingine chochote. Mlinzi amesimama tuli, amelenga kona. Mshambuliaji anachomoza. Wote wana pingi ya 40. Busara inasema mlinzi anafaa kushinda, maana alikuwa tayari. Mara nyingi hashindi.

Kompyuta ya mshambuliaji tayari inajua mlinzi yuko wapi, kwa hiyo anamwona saa ileile anayochomoza. Mlinzi bado hana habari. Hatua ya mshambuliaji inachukua milisekunde 20 kufika kwenye seva, inangoja zamu ya seva, inachukua 20 nyingine kumfikia mlinzi, kisha kompyuta ya mlinzi inaishikilia kidogo ili mwendo uonekane laini badala ya kurukaruka. Zamu hiyo ya seva ndiyo tiki. Seva ya tiki 64 huhesabu upya hali ya mchezo mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.6 hivi. Ya tiki 128, kila 7.8. Ya tiki 20, kila 50.

Ukijumlisha kwa makadirio, kwenye seva ya tiki 64 mshambuliaji anamtangulia mlinzi kwa milisekunde 65 hadi 80. Kwenye tiki 128 pengo linashuka hadi 50 na kitu. Kwenye tiki 20 linaweza kuvuka 115. Mtu wa kawaida huhitaji takriban milisekunde 200 kuitikia anachokiona, kwa hiyo kutanguliwa kwa 80 katika gemu ambapo risasi moja ya kichwani inamaliza kazi ni kushindwa kabla hujajua kuna vita.

Riot Games walipoitengeneza Valorant walilichukua tatizo hili kama adui namba moja. Walitoa seva za tiki 128 kwa wachezaji wote bila malipo, wakatumia mtandao wao wenyewe wa kusafirisha data ili kufupisha njia, na wakajiwekea lengo la pingi ya 35 au chini kwa asilimia 70 ya wachezaji. Wakati huo seva rasmi za Counter-Strike: Global Offensive zilikuwa za tiki 64, na aliyetaka 128 alihamia majukwaa ya nje kama FACEIT. Counter-Strike 2 ilipochukua nafasi yake Septemba 2023, Valve walichagua njia nyingine: seva ibaki kwenye tiki 64, lakini irekodi muda halisi ulipofyatua au kuruka hata kama ulikuwa katikati ya tiki mbili. Wazo ni zuri, na linaifanya risasi yako ihesabiwe pale ulipobonyeza. Ila halifupishi safari ya habari kutoka kwa mshambuliaji hadi kwa mlinzi. Wanaosema sasa tiki hazina maana wanachanganya mambo mawili tofauti.

Sasa tazama namna kanuni za mchezo zinavyopunguza au kuongeza makali ya pengo hilo. Katika Counter-Strike na Valorant, ukifyatua huku unakimbia risasi zinatawanyika ovyo. Mshambuliaji lazima asimame kabla ya kupiga, na kule kusimama kunamrudishia mlinzi sehemu ya muda aliopoteza. Call of Duty inakuruhusu uteleze, uruke na upige huku unasogea, na risasi chache tu zinatosha kuua. Hapo anayechungulia anavuna kotekote. Ndiyo maana kwenye Call of Duty mwenye kasi na fujo hupata alama, na anayekaa kona akingoja hushangaa anakufa na bunduki imeelekezwa mlangoni. Si kwamba ramani zimeharibiwa kwa makusudi. Mwendo na mtandao vinavuta upande mmoja.

Apex Legends ni mfano mzuri wa upande wa pili. Seva zake ni za tiki 20 na mechi ina watu 60. Kwenye karatasi ni aibu. Lakini mpinzani ana ngao na uhai unaohitaji risasi nyingi mfululizo, hivyo milisekunde 100 za mwanzo haziamui pambano. Una nafasi ya kugeuka, kujikinga na kujibu. Mwaka 2021 watengenezaji wake walieleza kwamba kupanda hadi tiki 60 kungekula data na nguvu nyingi za seva huku mchezaji akipata nafuu ndogo. Kwa gemu yao, hesabu hiyo inaeleweka. Ungewapa Counter-Strike seva hizohizo ingekuwa haichezeki.

Battlefield 4 ilionyesha kinachotokea hesabu isipokaa sawa. Ilipotoka Oktoba 2013 ilijaa malalamiko ya kufa nyuma ya ukuta na kufa kwa pigo moja ambalo kumbe lilikuwa risasi kadhaa. Bunduki inayofyatua risasi 900 kwa dakika hutoa moja kila milisekunde 67; habari zikikufikia kwa nadra kuliko hapo, risasi mbili au tatu zinafika kwa pamoja na unahisi umepigwa na mzinga. Ilichukua muda mrefu wa marekebisho, na baadaye seva za upande wa kompyuta zikaruhusiwa kwenda tiki 60 na zaidi. Waliovumilia walipata mojawapo ya gemu bora za vita vya watu wengi, na huo ni mtazamo wangu ninaousimamia.

Unapangwa na nani

Zamani ulichagua seva mwenyewe kutoka kwenye orodha: jina, ramani, idadi ya watu, pingi. Ukirudi kesho unawakuta walewale. Halo 2, Novemba 2004, ilibadilisha desturi hiyo kwa wachezaji wa konsoli. Kupitia Xbox Live uliingia na wenzako, ukachagua aina ya mchezo, na mfumo ukawatafutia wapinzani. Ilikuwa rahisi mno kiasi kwamba karibu wote wakafuata.

Kwa wachezaji wa kompyuta mageuzi hayo yalikuja kwa machungu. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009 iliondoa seva maalumu kwenye kompyuta na kuifanya mashine ya mmoja wa wachezaji iwe mwenyeji wa mechi, watu wasiozidi 9 kwa 9. Mwenyeji hakuwa na pingi kabisa, wengine wote walikuwa nayo, na akitoka mechi ilisimama hadi apatikane mwingine. Mashabiki walihamasishana kuisusia. Gemu iliuzwa sana hata hivyo, lakini somo la mwenyeji asiye na pingi halikusahaulika, na leo gemu kubwa zimerudi kwenye seva za kampuni.

Ubishi wa leo ni kuhusu kupangwa kwa uwezo. Mfumo unapopanga mechi unavutwa na mambo matatu: pingi nzuri, wapinzani wa kiwango chako, na kutokungoja sana. Wachezaji wakiwa wengi, yote matatu yanapatikana. Wakipungua, usiku wa manane au kwenye eneo lenye seva chache, lazima kimoja kitolewe sadaka, na kila gemu ina tabia yake. Counter-Strike inakuwekea kwenye mipangilio kiwango cha juu cha pingi unachokubali. Valorant inakuruhusu kuchagua seva. Call of Duty imekuwa ikikuamulia yenyewe, na hapo ndipo hasira inapozaliwa: wengi huamini wanapelekwa seva ya mbali ili wapatiwe wapinzani wa kuwatoa jasho.

Activision, wenye Call of Duty, walijibu mwaka 2024 kwa kuchapisha maelezo ya mfumo wao. Walisema pingi ndiyo inayopewa kipaumbele, na wakaeleza jaribio walilofanya kimyakimya: walilegeza upangaji wa uwezo kwa baadhi ya wachezaji, na matokeo yakawa kwamba waliorudi kucheza walipungua katika makundi yote isipokuwa asilimia 10 ya walio bora. Kampuni inayojitetea ina maslahi yake, lakini matokeo hayo yanaingia akilini. Mchezaji mzuri akikutana na wanyonge anafurahi. Wanyonge wakikutana naye mara tatu mfululizo wanazima.

Na mbona hakuna anayelalamika kwamba Valorant inampanga na watu wa kiwango chake? Kwa sababu cheo chake kinaonekana. Ukihangaika unajua unahangaikia nini, na ukipanda kuna alama ya kuonyesha. Call of Duty ilifanya kazi ileile kwa siri kwenye mechi za kujifurahisha, bila cheo, bila maelezo. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni hiyo siri.

XDefiant ya Ubisoft ilikuja Mei 2024 ikijitangaza kwamba mechi zake za kawaida hazipangwi kwa uwezo. Ilishangiliwa. Lakini mtandao wake ulisumbua tangu mwanzo, watu wakalalamikia risasi zisizohesabiwa na vifo vya nyuma ya ukuta, na Juni 2025 seva zake zilizimwa. Kuondoa upangaji peke yake hakukuwashikilia wachezaji.

Kufa, kusubiri na kufufuliwa

Kuna jambo dogo linaloamua hisia za usiku mzima: unafanya nini ukishauawa. Counter-Strike na Valorant zinakukalisha. Raundi inaweza kubaki na dakika nzima, nawe unatazama kupitia macho ya mwenzako aliyebaki peke yake dhidi ya watatu, wanne wengine mmenyamaza mkisikiliza nyayo. Ni kutokana na ukimya huo watu huzipenda gemu hizi kupita kiasi, na ni kutokana na ukimya huo pia matusi huzaliwa, maana kosa la mmoja limeonwa na wote. Call of Duty inakurudisha uwanjani baada ya sekunde chache, huna muda wa kukasirika wala wa kujutia. Battlefield, yenye watu 64 na zaidi, inakuacha chini ukiangalia kama kuna tabibu anayekuja. Akija mtu usiyemjua, akakimbia chini ya risasi akakuinua, umepata kitu ambacho gemu za watano kwa watano hazikupi.

Apex ilifanya jingine la kusifiwa: kitufe cha kuashiria. Unaelekeza na kubonyeza, na mwenzako anajua kuna adui, silaha au mahali pa kwenda, hata kama hamna lugha moja wala maikrofoni. Wengi wameiga, na wamefanya vizuri kuiga.

Mlinzi aliye ndani ya kompyuta yako

Wadanganyifu huharibu gemu kuliko pingi mbaya, na njia za kupambana nao ni tofauti mno. Valorant ina Vanguard, programu inayoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi na kuanza kazi tangu kompyuta inapowaka, hata kama hutacheza siku hiyo. Ricochet ya Call of Duty nayo hufika kwenye kiini, ila huwaka gemu ikiwa imefunguliwa. VAC, mlinzi wa Valve kwenye Counter-Strike, haiingii huko, na wachezaji wa Counter-Strike hulalamika kwamba wanalipia faragha hiyo kwa kukutana na wanaoona kupitia kuta. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba Counter-Strike 2 inachezeka kwenye Linux, Valorant haichezeki, na Apex iliuondoa mfumo huo mwaka 2024 kwa hoja ya udanganyifu.

Kuna mbinu ya Valorant isiyohitaji kukuchunguza, nami naipenda zaidi: seva haikutumii mahali alipo adui hadi akaribie kuonekana. Programu ya kuona kupitia kuta haina cha kuonyesha, kwa kuwa kompyuta yako yenyewe haijui. Tena matoleo yake ya konsoli ya 2024 yaliwekwa yasichanganywe na kompyuta, ili mwenye pedi asipangiwe mwenye kipanya. Call of Duty na Apex huwachanganya na kumpa mwenye pedi msaada wa kulenga, na pande zote mbili zinasema zinaonewa.

Nani ana ufunguo wa seva

Wakati wa kulinganisha, watu husahau kuuliza gemu itaishi hadi lini. Halo 2 kwenye Xbox ya kwanza ilikatwa Aprili 2010 huduma ilipofungwa. Overwatch ya kwanza haikuwepo tena baada ya Oktoba 2022, ilipobadilishwa na ya pili, na waliopenda watu sita kwa sita wakajikuta watano kwa watano. Concord ya Sony ilidumu wiki mbili tu, Agosti hadi Septemba 2024. Zote zilitegemea huduma ya mtandaoni ya kampuni peke yake.

Counter-Strike ya zamani na Quake III Arena ya 1999 zilitolewa pamoja na programu ya seva ambayo mchezaji yeyote angeweza kuiwasha mwenyewe, na hadi leo kuna seva za kuingia. Valorant haina kitu cha namna hiyo, wala Apex. Counter-Strike 2 inayo, na Battlefield 4 upande wa kompyuta bado ina orodha ya seva za kukodi. Anayefikiria kuwekeza miaka yake kwenye mojawapo ya gemu hizi aangalie hilo mapema: afungue menyu ya kucheza na kutafuta kama kuna mahali pa kuandika anwani ya seva.